Maji Yaliyokosa Njia

Mto Simiyu, ulioupa jina mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, unateremka kutoka upande wa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, unapita katika nchi ya Itilima, kisha unaingia Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Kusini yake, wilayani Meatu, Mto Semu unashika mwelekeo wa kinyume. Wenyewe unashuka kwenda Sibiti, na Sibiti unamwaga maji yake Ziwa Eyasi. Kati ya mito hiyo miwili hakuna mlima wa kutisha. Kuna miinuko ya kawaida ya Usukuma, mawe ya matale yaliyopandana, mashamba ya pamba na mtama, na ng'ombe wengi. Mgeni anaweza kuuvuka mpaka huo wa maji juu ya pikipiki asijue kwamba amevuka kitu.

Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iko upande wa maji yanayofika mbali. Mvua inayonyesha pale, ikisalimika na kiu ya ardhi na jua, hufika Victoria, hutoka Jinja, hufuata Nile hadi Bahari ya Mediterania. Mvua ya upande wa pili safari yake inaishia Eyasi, ziwa lisilo na mto unaotoka. Maji yanaingia, yanatandaa juu ya tope, na njia pekee yanayobaki nayo ni ya kwenda angani. Yakipanda, huacha chini mzigo wote yaliokuwa yameubeba tangu milimani.

Mzigo huo ndio madini.

Simiyu ya leo, likitajwa neno madini, fikra hukimbilia dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Bariadi na Busega, au nikeli ya Dutwa, ambayo kampuni ya African Eagle iliichoronga katika vilima vya Wamangola na Ngasamo zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hayo ni madini ya leseni na bei za London. Lakini yako madini mengine, ya bei ndogo, ambayo yameingia katika chungu cha maharage, katika udongo wa shamba, katika meno ya watoto na katika safari za mababu: chumvi, magadi, chokaa, jasi. Hayakuletwa na moto wa chini ya ardhi moja kwa moja. Yalilazwa tabaka juu ya tabaka na ukame, ule ule ambao mkulima wa Itilima anauogopa kila Novemba mawingu yanapopita bila kushuka.

Eyasi ni mahali pazuri pa kuona kazi hiyo ikifanyika. Ziwa liko katika sakafu ya Bonde la Ufa, kwenye urefu wa mita 1,030 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya ukuta wa mwamba upande wa kaskazini magharibi. Kina chake kwa kawaida hakimfikii mtu mzima kiunoni. Jua la huko linaweza kukausha maji zaidi ya mara mbili ya mvua inayonyesha, kwa hiyo kiangazi kikikaza, sehemu kubwa ya ziwa hubaki uwanda wa ukoko mweupe unaovunjika chini ya kwato. Masika ikija, maji mapya huyeyusha sehemu ya ukoko, huleta tope jipya, na shughuli huanza upya. Tope, chumvi, tope, magadi. Baada ya miaka elfu kadhaa, hizo ni kurasa za mwamba.

Wasukuma waliujua ukoko huo kabla ya mjiolojia yeyote kuandika juu yake. Mwaka 1938 jarida la *Tanganyika Notes and Records* lilichapisha makala ya H. S. Senior kuhusu misafara ya chumvi ya Wasukuma kwenda Eyasi. Safari hizo zilikuwa na sababu inayosomeka katika miamba. Usukuma umekaa juu ya matale na miamba mikongwe sana, ambayo mvua za miaka isiyohesabika zimeifua na kuondoka na kila kinachoyeyuka. Udongo wake unaweza kulisha mtama na pamba, lakini chumvi hauna. Aliyeitaka aliifuata mahali maji yaliyofua miamba yalipokwama. Upande wa magharibi kulikuwa na Uvinza, ambako maji ya chumvi hutoka ardhini na watu wakayachemsha kwa kuni kwa karne nyingi. Eyasi haikuhitaji kuni. Jua lilikuwa limekwisha kupika. Msafiri alihitaji miguu, chakula cha njiani, na ujasiri wa kupita katika nchi ya Wataturu na Wahadzabe, na ya simba pia.

Hapa inafaa kueleza kwa nini maziwa makavu hayatoi kitu kimoja. Mwaka 1970 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, Lawrence Hardie na Hans Eugster, walionyesha kwamba maji yanayokauka hufika kwenye njia panda, na njia yatakayoshika huamuliwa mapema mno. Ni kama sufuria jikoni: kitakachobaki chini kinategemea kilichotiwa mwanzo. Kitu cha kwanza kutuama ni chokaa, ambayo huundwa na kalisiamu pamoja na kaboneti. Vitu hivyo viwili hutoka ndani ya maji vikiwa vimeshikana mikono, na mmoja wao lazima aishe kwanza. Kaboneti ikiisha huku kalisiamu imebaki, maji yataendelea kukauka yakitoa jasi, na mwishoni chumvi ya kawaida. Kalisiamu ikiisha kwanza, kaboneti iliyobaki haina mwenzake isipokuwa sodiamu. Hapo ndipo magadi yanapozaliwa. Tofauti ndogo katika miamba ya milimani huishia kuwa tofauti kubwa bondeni.

Tanzania inazo njia zote mbili. Makanya, katika Wilaya ya Same, kwenye uwanda mkavu chini ya Milima ya Upare, kunachimbwa jasi, na viwanda vya saruji vimeitumia kwa miaka mingi. Itigi mkoani Singida pia kuna jasi. Ndiyo malighafi ya chaki. Mkoa wa Simiyu ulipoanza kampeni ya kila wilaya kuwa na bidhaa yake, vijana wa Maswa walianzisha kiwanda cha chaki, na chaki za Maswa zikaanza kuandika hesabu na Kiswahili ubaoni. Mwalimu anayefundisha somo la miamba kwa chaki ya jasi ameshika mkononi mfano ambao kitabu cha kiada hakiwezi kuutoa: mabaki ya maji yaliyokauka mahali ambapo kalisiamu ilishinda. Ni ajabu ndogo kwamba mfano huo hufutwa ubaoni kila siku bila kutajwa.

Njia ya pili, ya magadi, inatawala sehemu kubwa ya Bonde la Ufa la mashariki: Eyasi, Natron, Magadi yenyewe huko Kenya. Ziwa Magadi limekuwa likichimbwa kibiashara tangu kampuni ya Magadi Soda ilipoundwa mwaka 1911, na mahali pengine tabaka la magadi lina unene wa makumi ya mita. Eugster alifika huko, akakagua matabaka ya zamani yaliyoachwa na ziwa lilipokuwa juu zaidi. Mwaka 1967 alitangaza madini mawili mapya kwa sayansi, akayapa majina ya magadiaiti na kenyaiti. Ni madini meupe, laini kama unga uliokandwa, yenye silika na sodiamu. Yakikaa ardhini na kupoteza sodiamu, hugeuka kuwa gumegume, jiwe gumu lenye makali. Wajiolojia walikuwa wamezoea kuliona gumegume katika miamba mikongwe ya mabara mengi bila kukubaliana limetoka wapi. Sehemu ya jibu ilikuwa katika tope la ziwa ambalo flamingo wanalikanyaga.

Kazi hiyo ilipata mnufaika haraka. Mwaka 1968 Richard Hay, mjiolojia wa Chuo Kikuu cha California, alionyesha kwamba gumegume la Olduvai lilizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Olduvai iko chini ya kilomita 200 kutoka Lagangabilili kwa mstari ulionyooka, ng'ambo ya nyika za Serengeti, ingawa kwa barabara mtu huzunguka sana na kwa mawazo huzunguka zaidi. Wanafunzi wengi wa Simiyu hulitaja bonde hilo kwenye mtihani kama jambo la Arusha na la watalii. Kijiolojia ni jirani wa mlango wa pili.

Hali ya hewa ya Olduvai ni ya nusu jangwa, kwa sababu nyanda za juu za Ngorongoro huzuia mvua inayotoka mashariki. Maji ya msimu yamekata korongo lenye kina cha mita 90 hivi, na kuta zake zinaonyesha matabaka kwa rangi. Chini kabisa lava nyeusi. Juu yake udongo wa kijani na kijivu ulioachwa na ziwa, ukikatizwa na mistari ya majivu ya volkeno. Kisha tabaka jekundu linaloonekana toka mbali. Mjerumani Hans Reck aliyapa matabaka hayo namba mwaka 1913, moja hadi tano, na mpango huo, pamoja na marekebisho yake, bado unatumika. Hay ndiye aliyetumia miaka akitembea korongo hilo na kuandika kitabu chake cha mwaka 1976, ambacho watafiti bado wanakishika mkononi. Alichora ramani ya ziwa ambalo halipo. Lilikuwa na maji ya magadi, halina mto wa kutoka, linapanuka na kunywea kufuatana na mvua. Katikati yake aliona madini ya maji makali, kama zioliti zilizotokana na majivu ya volkeno yaliyoliwa na magadi. Pembeni mwa mashariki, ambako vijito vilishuka kutoka milimani, aliona mashapo ya maji matamu.

Na ni huko pembeni walikokaa viumbe. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe aliyeitwa Zinjanthropus likichungulia katika mteremko. Mumewe, Louis Leakey, alilikadiria kuwa na umri wa miaka laki sita na zaidi. Miaka miwili baadaye Jack Evernden na Garniss Curtis walipima majivu ya volkeno ya tabaka hilo kwa njia ya potasiamu na agoni, wakapata miaka milioni 1.75. Dunia ya elimu ilipigwa na butwaa, na baadhi ya wataalamu walikataa kuamini kwa muda. Baadaye Gail Ashley na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, walionyesha kwamba karibu na mahali pale palikuwa na chemchemi ya maji matamu. Waliitambua kwa chokaa iliyoachwa na maji yake. Basi yule kiumbe hakuishi ufukweni mwa ziwa la kunywa. Aliishi kando ya ziwa lisilonyweka, karibu na chemchemi moja inayonyweka. Ni hali ambayo mkazi wa vijiji vya Meatu vinavyoelekea Eyasi angeielewa bila maelezo mengi.

Gumegume nalo lina kisa chake, na pengine ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi ukame ukitoa badala ya kunyang'anya. Takriban miaka milioni 1.6 na ushee iliyopita ziwa la Olduvai lilinywea. Vinundu vya gumegume vilivyokuwa vimejificha ndani ya udongo wa ziwa vikabaki wazi. Watengenezaji wa zana wa wakati huo, ambao kwa kawaida walitumia lava au jiwe gumu la kilima cha Naibor Soit, waliligundua jiwe hilo lenye makali safi wakaanza kulipasua kwa wingi. Mabaki ya kazi yao yamefukuliwa. Ziwa liliporudi, ghala lilifunikwa. Watu wakarudia mawe yao ya zamani. Ukame ulifungua duka, mvua ikalifunga.

Swali linalobaki ni sodiamu yote hiyo imetoka wapi. Jibu liko katika milima ya moto iliyojipanga kando ya Bonde la Ufa, na mmoja wao unafanya kazi hadi leo. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ni volkeno pekee duniani inayojulikana kutoa leo lava ya kaboneti ya sodiamu. J. B. Dawson ndiye aliyeieleza kwa wanasayansi, mwaka 1962. Lava hiyo ni nyeusi na nyepesi kama uji mwembamba. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600, karibu nusu ya joto la lava za kawaida, na ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe katika muda mfupi. Mlima ulilipuka kwa nguvu mwaka 1966 na tena kati ya 2007 na 2008, ukarusha majivu mbali. Kabla yake ilikuwako milima mingine ya jamaa hiyo. Majivu yaliyonyeshewa na mvua huko Laetoli, kwenye nyanda za juu za upande wa Eyasi, yaliganda kama saruji miaka milioni 3.66 iliyopita yakiwa na nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Nyayo hizo zilifukuliwa mwaka 1978. Watu huzishangaa nyayo; ni wachache wanaouliza ni saruji gani iliyozitunza.

Upepo nao una sehemu yake. Karibu na Olduvai kuna kilima cha mchanga mweusi wa volkeno, chenye umbo la mwezi mwandamo, ambacho upepo wa mashariki hukisukuma kuelekea magharibi kwa mita zipatazo 17 kwa mwaka. Vigingi vimesimikwa kuonyesha kilipokuwa zamani. Upepo huo huo umetandaza majivu katika uwanda wa Serengeti, na mvua chache za upande wa mashariki zimeyeyusha chokaa ya majivu hayo na kuigandisha chini kidogo ya uso wa ardhi. Tabaka hilo gumu huzuia mizizi mirefu, ndiyo maana nyika ile ina majani mafupi na haina miti. Kadiri mtu anavyokwenda magharibi, majivu hupungua, mvua huongezeka, na miti hurudi. Serengeti inayopigwa picha na dunia nzima imeumbwa hivyo kwa sababu ya tabaka la chokaa lenye ugumu wa sakafu.

Itilima ina chokaa yake, ya ukubwa wa shamba. Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo yaliyo sahihi kuliko ramani nyingi: luseni, wa kichanga, karibu na mawe ya matale juu ya mteremko, itogolo, mgumu, katikati, mbuga, mweusi unaonata, chini kabisa, na ibushi, ule wenye chokaa. Ukichimba mbugani mara nyingi unakutana na vijiwe vyeupe. Maji huteremka na kalisiamu kutoka juu, hukwama bondeni, jua likafanya kazi yake. Ni Eyasi ndogo isiyo na jina. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani, Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hujipanga kwa mfuatano kutoka kileleni hadi bondeni, na wazo hilo likaingia katika sayansi ya udongo duniani kote. Mkulima aliyechagua kupanda pamba pale na mpunga hapa alikuwa na wazo hilo shambani bila kuliandikia makala.

Wapenzi wa dhahabu hawajasahauliwa. Kama matabaka ya Olduvai ni ya jana, yale ya chuma katika Usukuma ni ya wakati ambao hewa haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Geita na kwingineko kando ya ziwa kuna miamba yenye mistari ya chuma na silika iliyotuama katika bahari zaidi ya miaka bilioni 2.6 iliyopita. Baadaye maji ya moto yenye dhahabu na salfa yalipita katika nyufa. Salfa ikakutana na chuma, dhahabu ikaanguka hapo. Kwa maneno mengine, hata dhahabu ya Geita iliwekewa mtego na tope la kale la bahari. Mwadui, mgodi wa almasi ambao John Williamson aliupata mwaka 1940, nao una siri ya aina hiyo: sehemu ya juu ya bomba lake kubwa, lenye eneo la hekta 146, ina mashapo ya ziwa lililokaa ndani ya kreta ya volkeno. Almasi ilitoka kilindini, lakini ilizikwa katika matope.

Mfano wenye manufaa ya moja kwa moja kwa mkulima uko Minjingu, kando ya Ziwa Manyara. Mwaka 1956 ndege iliyokuwa ikitafuta urani ilipata ishara kutoka kilima kidogo. Kilichokuwamo ni fosfeti. Zamani, Ziwa Manyara likiwa juu zaidi, kilima hicho kilikuwa kisiwa, na ndege walao samaki, wengi wao minandi, walizaa na kufa hapo kwa vizazi visivyohesabika. Kinyesi na mifupa vilikusanyika katika matabaka. Ziwa likashuka, kisiwa kikawa kilima nchi kavu. Uchimbaji ulianza mwaka 1983, na mbolea ya Minjingu inauzwa madukani hadi leo. Nchi inayoagiza mbolea nyingi kutoka nje ingefaa kukijua kisa cha minandi hao vizuri kuliko inavyokijua.

Upande wa Victoria usijione salama kupita kiasi. Ziwa hilo limekaa tamu kwa sababu lina mlango wa kutokea Jinja. Lakini maji yake mengi hayatoki kwenye mito. Karibu asilimia 80 hutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi hurudi angani. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya kuchoronga tope la sakafu ya ziwa. Chini ya tope la leo walikuta udongo uliokaa juani na mizizi ya majani. Ziwa Victoria lilikuwa limekauka, pengine lote, mwishoni mwa enzi ya barafu, likaanza kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Maana yake ni kwamba Mto Simiyu nao uliwahi kuishia nyikani. Mradi wa kupeleka maji ya ziwa hilo Busega, Bariadi na Itilima, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, unategemea ziwa ambalo lina umri mdogo kuliko zana nyingi za mawe zilizomo makumbusho.

Mradi huo unagusa jambo la mwisho, ambalo jiolojia ya maziwa makavu inalieleza vizuri kuliko mabango ya afya. Miamba ya volkeno na matale ina floraidi. Maji yakiwa na kalisiamu ya kutosha, floraidi hushikwa na kalisiamu na kubaki chini. Lakini maji yaliyoshika njia ya magadi yameishiwa kalisiamu; imeangukia katika chokaa. Floraidi haina wa kuikamata, hubaki ndani ya maji, na hujilimbikiza. Kwa hiyo mahali penye magadi mara nyingi pana floraidi, na visima vya Meatu, Shinyanga na maeneo mengi yanayopakana na Bonde la Ufa vimewapa watoto meno ya kahawia kwa vizazi. Kiasi kikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Watafiti waliopima magadi yanayotumika kulainisha maharage na mboga nchini Tanzania wameikuta floraidi humo pia, kwa hiyo familia yenye kisima kizuri inaweza kuileta mezani kwa mkono wake. Dawa haiko mbali: kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja floraidi, na Simiyu haina upungufu wa ng'ombe.

Madiwani, kamati za maji na wafadhili wanaochimba visima Itilima na Meatu wawe na utaratibu mmoja: sampuli ya maji ifike maabara kabla pampu haijafungwa, na kiwango cha floraidi kisomwe mbele ya mkutano wa kijiji pamoja na gharama za mradi. Mama wa nyumbani naye apunguze magadi katika chakula cha watoto ambao meno ya utu uzima bado yanaota. Wala asitegemee jiko: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi hubaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea.